Mpaka wa Kiwanja Si Mpaka wa Maji: Jinsi ya Kupima Athari za Ujenzi wa Miji kwa Ardhioevu

"Mradi uko nje ya ardhioevu." Sentensi hii imo katika ripoti nyingi za tathmini ya athari kwa mazingira, na mara nyingi ni ya kweli. Tingatinga halitaingia kwenye mafunjo, wala kifusi hakitamwagwa majini. Miaka michache baadaye mafunjo yanakauka upande mmoja, upande wa pili miti imekufa wima ndani ya maji, na visima vya jirani vimeanza kunuka. Hakuna aliyedanganya. Kilichopimwa kilikuwa ardhi, na ardhioevu huishi kwa maji, ambayo hutoka mbali juu yake: kwenye mapaa, barabara na mifereji ambayo haikuwahi kuingia kwenye ramani ya mradi.

Mji hubadilisha maji kwa namna nne: kiasi kinachofika, wakati kinapofika, njia kinayopitia na kilichobebwa ndani yake. Tathmini isiyoweza kutoa tarakimu kwa kila moja kati ya hizo nne ni maelezo tu ya mandhari.

Ardhioevu inaishia wapi

Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini katika mji wa Ramsar, Iran, tarehe 2 Februari 1971, unahesabu kuwa ardhioevu vinamasi, mabwawa na maeneo ya mboji (mabaki ya mimea yaliyorundikana majini bila kuoza kabisa) na ya maji, ya asili au ya kutengenezwa, ya kudumu au ya muda, maji yawe matamu, ya chumvi kidogo au ya chumvi kabisa, hadi maji ya bahari yasiyozidi kina cha mita 6 wakati wa kupwa. Neno la kushika hapo ni "ya muda". Ardhioevu nyingi zinazomezwa na miji ni zile zinazojaa miezi mitatu tu kwa mwaka. Kiangazi zinaonekana kama uwanja wa wazi unaofaa kujengwa, na ndivyo zinavyouzwa.

Picha za satelaiti husaidia, na nyingine hazina malipo: Landsat imekuwa ikipiga picha tangu 1972, na Sentinel-2, tangu 2015, huonyesha vipande vya mita 10. Lakini zina mitego miwili. Picha ya kiangazi haitaonyesha maji, na kanuni za kompyuta zinazotafuta maji hulisoma eneo la mafunjo kuwa ni majani tu, kwa sababu maji yamejificha chini. Kwa hiyo chukua picha za misimu yote na za miaka ya mvua nyingi na ya ukame, kisha uende shambani na koleo.

Udongo hausahau haraka. Chimba shimo la sentimita 50. Udongo unaokaa majini kwa muda mrefu hukosa hewa, chuma kilichomo hubadilika na rangi yake huwa ya kijivu au kijivu-buluu. Pale maji yanapopanda na kushuka, utaona madoa ya kutu ndani ya ule ukijivu, hasa kufuata mashimo ya mizizi, maana mizizi hushusha hewa. Harufu ya mayai viza ni ushahidi zaidi. Linganisha rangi na chati ya udongo ya Munsell na uandike kina ambacho madoa yanaanzia. Alama hizo hubaki hata majani yakiwa yamekatwa na eneo limelimwa, ndiyo maana mstari wa mpaka uchorwe kwa udongo, mimea na maji kwa pamoja. Mimea peke yake huondolewa kwa panga asubuhi moja.

Mvua mbili, hesabu mbili

Ukishapata mpaka wa ardhioevu, uweke kando. Mpaka wa tathmini ni kidakio kizima, yaani ardhi yote ambayo maji yake huteremkia hapo. Kipande cha hekta 4 cha ardhioevu kinaweza kutegemea kidakio cha mamia ya hekta. Kosa la kawaida hapa ni kuchora kidakio kwa kufuata vilima peke yake. Mjini, mfereji mmoja wa zege huweza kuvusha maji kutoka upande wa pili wa kilima, au kuyapeleka kwingine kabisa. Fuata mifereji kwa miguu, mvua ikinyesha.

Sasa bajeti ya maji. Yanayoingia ni mvua, mtiririko wa juu na maji ya ardhini. Yanayotoka ni yanayovukizwa na jua na mimea, yanayotiririka kutoka na yanayozama. Tofauti yake ndiyo inayopandisha au kushusha kimo. Kila mradi hugusa angalau mistari miwili ya bajeti hii.

Chukua kidakio cha hekta 50 chenye nyasi na vichaka, kinachopangwa kuwa makazi yenye mapaa na lami. Njia rahisi ya kukisia mtiririko ni ile ya namba ya kidakio, CN (kwa Kiingereza "curve number"), ambayo huwa kubwa zaidi kadiri ardhi inavyotiririsha maji mengi zaidi. Iliyotengenezwa na Idara ya Uhifadhi wa Udongo ya Marekani katika miaka ya 1950. Kwanza tafuta S = 25,400 ÷ CN − 254, kisha mtiririko Q = (P − 0.2S)² ÷ (P + 0.8S), ambapo P ni mvua kwa milimita. Tuseme kabla ya ujenzi CN ni 60, na baadaye ni 90.

Ikinyesha mvua kubwa ya milimita 80, kabla ya ujenzi zingetiririka kama milimita 10. Baada ya ujenzi, 54. Kwa hekta 50 hiyo ni kupanda kutoka meta za ujazo 4,900 hadi 27,000 hivi, zaidi ya mara tano. Hapa ndipo ripoti nyingi husimama, kwa kuwa mafuriko ndiyo yanayowatia watu hofu.

Endelea na mvua ndogo, ya milimita 30. Kabla ya ujenzi jibu ni sifuri: udongo ulikuwa unainywa yote. Baada ya ujenzi zinatiririka milimita 11, karibu meta za ujazo 5,600. Yaani mvua ya kawaida, inayonyesha mara nyingi kwa msimu, sasa inaleta maji mengi kuliko ilivyokuwa ikileta mvua kubwa. Mabadiliko haya ndiyo yanayoiumiza ardhioevu zaidi. Mimea ya kinamasi ina kalenda yake ya maji. Mbegu nyingi zinahitaji tope lililo wazi kwa wiki kadhaa ili zichipue, na vyura wanahitaji maji yasiyopandishwa na kushushwa kila siku tatu. Kimo kikianza kuruka juu na chini, mimea ya aina nyingi huondoka na kubaki aina moja au mbili zinazostahimili chochote.

Tahadhari: uwiano wa 0.2 katika kanuni hiyo ulitokana na vidakio vya mashamba ya Marekani, na CN huchaguliwa kwenye jedwali kwa jicho. Pima mtiririko halisi wa mvua chache kabla ya ujenzi na urekebishe namba kwa vipimo vyako. Na usiingize asilimia ya lami ya mwaka wa kwanza. Ingiza hali ya mwisho, baada ya wakazi kuweka zege kwenye nyua zao. Watafiti wa vijito vya mijini wamezoea kuona dalili za kuharibika pale sehemu ngumu zinapofika kama asilimia 10 ya kidakio, na hali mbaya zikivuka 25. Hizi si sheria za asili, ila zinatosha kukuambia kwamba "tunajenga robo tu" si neno la kuliwaza.

Sentimita 30 za kalavati

Barabara inayokatiza ardhioevu hujengwa juu ya tuta, na chini yake huwekwa kalavati, yaani bomba au njia ya zege ya kupitishia maji. Mhandisi huhesabu kipenyo kwa ajili ya mafuriko, na kwa kawaida hesabu hiyo huwa sawa. Kinachosahaulika ni kimo cha sakafu ya kalavati.

Ardhioevu nyingi hushika maji kwa sababu mahali pa kutokea pana kizingiti cha asili: ukingo wa udongo, mzizi, mwamba. Kizingiti hicho ndicho kizibo cha beseni. Kalavati ikiwekwa sentimita 30 chini yake, beseni litajimwaga hadi kimo kipya. Kwa ardhioevu ya hekta 4 yenye wastani wa kina cha sentimita 40, hizo sentimita 30 zinaweza kufika meta za ujazo 12,000 kati ya 16,000. Hakuna aliyejaza kifusi, na robo tatu ya maji imeondoka.

Kalavati likiwekwa juu mno, kinyume chake hutokea: juu ya barabara miti inazama, chini yake panakauka. Ukipita na kuona mimea ya upande mmoja wa barabara haifanani na ya upande wa pili, anza kwa kupima sakafu ya kalavati. Kwenye udongo wa mboji kuna tatizo la ziada. Uzito wa tuta huikandamiza mboji, na maji yaliyokuwa yakijipenyeza taratibu chini kwa upana wote hubanwa. Kalavati moja katikati haiwezi kurudisha mtiririko wa mita 200. Zinahitajika kadhaa, zikiwa zimesambazwa, au tabaka la mawe makubwa yanayopitisha maji chini ya tuta lote. Kalavati lenyewe pia huzama taratibu, kwa hiyo kimo kipimwe upya mwaka wa kwanza na wa pili.

Chini ya ardhi

Wengi hudhani mji hupunguza maji ya ardhini kwa kuwa lami inazuia mvua kuzama. Mara nyingi ni kweli, hasa mtaa unapokuwa na visima vingi vya pampu. Lakini mabomba yanayovuja, mashimo ya vyoo na bustani zinazomwagiliwa huweza kuingiza maji mengi kuliko mvua iliyozuiwa, na kimo kikapanda. Basi ukikuta maji ya ardhini yamepanda baada ya ujenzi, usishangilie kabla ya kuyapima. Nitrati na kloridi zikiwa juu pamoja, yaelekea unachokiona ni majitaka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa unaweka kikomo cha nitrati kuwa miligramu 50 kwa lita.

Swali la msingi kwa kila ardhioevu ni kama inalishwa na maji ya ardhini au yenyewe ndiyo inayoyalisha. Jibu hupatikana kwa mabomba mawili ya plastiki ya kipenyo cha milimita 50, yaliyosimikwa pamoja: moja kina cha mita 1, jingine mita 3. Kila bomba litobolewe sentimita 30 hadi 50 za chini tu, lizungushiwe mchanga mkavu safi sehemu hiyo, na juu ya mchanga lizibwe kwa udongo wa bentonaiti ili maji ya juu yasiteremke pembeni ya bomba. Maji katika bomba refu yakisimama juu kuliko katika fupi, yanapanda kutoka chini. Yakiwa chini, ardhioevu inavujia ardhini. Ya kwanza huuawa na visima virefu vilivyo mbali. Ya pili ikifukiwa, visima vya jirani vitapungua.

Kipimo hiki huharibika kwa sababu ndogondogo. Vimo visipopimwa kutoka alama moja thabiti, tofauti ya sentimita tano kati ya midomo ya mabomba itageuza jibu. Nguzo ya kusomea kimo ikisimikwa kwenye tope laini, itazama na data itaonyesha maji yanapanda. Na vifaa vya kurekodi mgandamizo wa maji visivyo na mrija wa hewa vinahitaji kifaa kingine cha kurekodi mgandamizo wa hewa, la sivyo utakuwa unapima hali ya hewa. Rekodi ziwe za mwaka mzima kwa uchache. Wiki mbili za mwisho wa mvua hazielezi chochote kuhusu kiangazi.

Usisahau pampu za wakati wa ujenzi. Kukausha shimo la msingi wa jengo refu kwa miezi sita kunaweza kushusha maji chini ya ardhioevu ya jirani, na mboji iliyokauka ikaingiwa na hewa huoza, hupungua na haivimbi tena ikarudi ilivyokuwa. Pwani, hasara ni ya aina nyingine: kwa kanuni ya Ghyben na Herzberg, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ukishusha hiyo moja, chumvi hupanda kwa kipimo hichohicho cha arobaini.

Kinachobebwa na maji

Ardhioevu husafisha maji, na sifa hiyo imekuwa kisingizio cha kuzimwagia kila kitu. Usafishaji unategemea muda. Ardhioevu yetu ya meta za ujazo 16,000 ikipokea 2,000 kwa siku, maji hukaa siku 8, muda unaotosha matope kutua na vijidudu vya tope kugeuza sehemu kubwa ya nitrati kuwa gesi ya naitrojeni. Lakini mtu akichimba mfereji katikati "ili maji yaende vizuri", maji hupita kwenye mfereji na kuacha sehemu nyingine zimelala. Ikitumika sehemu moja ya nane tu, siku 8 zinakuwa moja. Ili kujua, mimina chumvi iliyoyeyushwa kwenye mlango wa kuingilia, kiasi kisichodhuru mimea, na upime upitishaji umeme wa maji mlangoni pa kutokea kila dakika 15.

Kampala ina mfano unaojulikana sana. Majitaka ya mji yamekuwa yakipita kinamasi cha Nakivubo kabla ya kuingia ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria, na mitambo ya Gaba huchota maji ya kunywa ya mji kutoka ghuba hiyohiyo. Kila kipande cha mafunjo kinachoondolewa huongeza kazi ya mitambo ya kusafisha. Hiyo ni gharama inayoweza kuandikwa kwa fedha, na ripoti inayoiandika husomwa na watu ambao hawajali vyura.

Sampuli zichukuliwe lini? Mvua ya kwanza baada ya ukame hubeba uchafu mwingi kuliko zote, na nusu saa ya mwanzo ndiyo chafu zaidi. Sampuli za siku ya jua huonyesha maji ya siku ya jua. Oksijeni ipimwe kabla ya mapambazuko na tena alasiri, kwa kuwa maji yenye mwani mwingi huonekana mazima mchana kisha hukosa hewa usiku, na samaki hufa alfajiri. Sampuli za vijidudu vya kinyesi zikae kwenye barafu na zifike maabara ndani ya saa 6. Zilizolala kwenye buti la gari hazina maana tena.

Katika miezi ya ujenzi, adui mkubwa ni tope. Uzio wa kitambaa unaowekwa kukinga tope hufanya kazi pembezoni mwa mteremko, ukiwa umefukiwa chini. Ukikatizwa katikati ya mfereji, mvua ya kwanza inaung'oa. Mchanga hutua kwenye bwawa dogo kwa muda mfupi; udongo wa mfinyanzi huweza kuelea kwa siku nyingi, kwa hiyo dawa yake ni kutoanika udongo mwingi kwa wakati mmoja. Maji ya kuoshea mashine za zege yana ualkali mkali na yasiachiwe kabisa.

Uzito wa athari

Jedwali la "ndogo, wastani, kubwa" lililojazwa mezani halimsaidii mtu. Athari iwe na kikomo kilichowekwa kabla ya utabiri: kimo cha kiangazi kisishuke zaidi ya sentimita kadhaa zilizotajwa, mvua ya milimita 30 isilete mtiririko uliozidi wa awali. Kisha jumlisha miradi mingine ya kidakio hichohicho, iliyojengwa na iliyoidhinishwa. Haba na haba hujaza kibaba, na miradi kumi ambayo kila mmoja "hauna athari kubwa" ndiyo njia ya kawaida ambayo ardhioevu za mijini hupotea.

Utaratibu wa hatua unajulikana: kuepuka, kupunguza, kurejesha, na kufidia mwisho. Kwa kidakio chetu, tofauti ya mvua kubwa ni meta za ujazo 22,000. Bwawa la kuzuia lenye kina cha mita 1.5 litahitaji hekta 1.5 hivi, asilimia 3 ya eneo, na linapaswa kuwa tupu mvua inapoanza. Likigeuzwa ziwa la mapambo, nafasi hiyo haipo tena. Tena bwawa hupunguza kilele cha mafuriko bila kupunguza jumla ya maji. Mvua ndogo zinahitaji kuzamishwa au kutumiwa huko zinakoangukia. Paa la meta za mraba 100 hutoa karibu lita 2,700 kwa milimita 30, ila tangi lililojaa tangu wiki iliyopita halipokei tone. Mashimo ya kuzamishia yajaribiwe msimu wa mvua. Udongo mkavu wa kiangazi hunywa maji kwa kasi isiyodumu.

Kuhusu fidia, bwawa lenye kingo za wima halihesabiki kuwa ardhioevu, hata likipandwa mafunjo pembeni, na kulihesabu mara mbili, mara kama kinga ya mafuriko na mara kama fidia, ni ujanja unaopaswa kukataliwa. Udongo wa ardhioevu iliyoundwa upya huchukua miongo kurudisha kaboni yake, ikirudi.

Ufuatiliaji ulinganishe mahali palipoguswa na ardhioevu nyingine ya aina hiyo isiyoguswa, kabla na baada, maana bila hiyo kila kupungua kwa maji kutasingiziwa ukame. Mpango utaje kipimo kinachoanzisha hatua, hatua yenyewe, na cheo cha anayewajibika kuichukua. Kimo cha sakafu ya kila kalavati kiandikwe kwenye mchoro uliokabidhiwa, pamoja na alama ya zege ya kupimia iliyo nje ya tuta, ili fundi atakayekuja kubadilisha kalavati hilo baada ya miaka kumi ajue asiteremke chini ya wapi.